Mkarafuu na Wenyewe: Miaka Mia Mbili ya Kutunza Mti Kisiwani Pemba

Mkarafuu ukichipua, majani yake machanga hayatoki ya kijani. Hutoka mekundu, mengine ya rangi ya waridi, laini na yenye kung'aa, na hukaa hivyo kwa muda kabla ya kukoza na kuwa kijani kilichoiva. Anayesafiri kutoka Chake Chake kwenda Wete akainua macho kutazama vilima huona vilele vya miti vimepigwa wekundu huku sehemu ya chini ikiwa imesimama katika kijani chake cha siku zote. Wapemba wengi wameuzoea uzuri huo hata hawausemi. Karafuu inatajwa kwa frasila, kwa daraja na kwa bei, na ni nadra kusikia mkarafuu ukitajwa kama mti wa kutazamwa.

Wajapani wanao mti wao wenye majani mekundu, momiji, ambao wataalamu wa mimea huuita Acer palmatum. Wao husafiri masafa marefu kwenda kuutazama majani yake yanapogeuka rangi kabla ya kupukutika. Mwaka 1710 mtunza bustani mmoja wa Edo, Ito Ihei, aliandika orodha ya aina 36 za mti huo, na tangu hapo Wajapani wamezizalisha nyingine kwa mamia. Momiji hauwezi kuishi Pemba, kwa sababu unahitaji miezi ya baridi kali ili ulale na kuamka upya. Lakini ukisikiliza maelezo ya wanaoutunza utadhani unamsikiliza mkulima wa Mtambile: mche upewe kivuli jua lisiuunguze, udongo uwe wenye rutuba lakini usituamishe maji, shina litandikwe majani makavu ili unyevu ubaki, mizizi isiguswe na jembe, na tawi lisivunjwe ovyo. Matunzo ni yale yale. Kilichotofautiana ni hali ya mwenye mti. Momiji wa bustanini una mtu mmoja anayejulikana kuwa ni wake, naye humwachia mwanawe. Mkarafuu wa Pemba, katika miaka mia mbili, umepita katika mikono ya masultani, matajiri wa mashamba, watumwa, wadai, serikali ya kikoloni, serikali ya Mapinduzi na wakodi wa msimu mmoja, na kila mkono uliopita umeacha alama yake katika shina. Naamini historia ya zao hili tumezoea kuisoma kwa bei na tani, na tumeisahau historia ya matunzo, ambayo ndiyo iliyoamua miti mingapi ibaki imesimama.

Mti wenyewe ni mgeni. Ni ndugu wa mzambarau na wa mpera, katika ukoo mmoja, na kwao ni visiwa vichache vidogo vya Maluku, mashariki ya Indonesia ya leo: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kwa karne nyingi hakuna mahali pengine duniani palipootesha karafuu. Wachina wa zama za utawala wa Han walizijua, na Waarabu na Wahindi walizisafirisha hadi bahari ya kati, lakini mti ulibaki kwao. Waholanzi walipoishika biashara hiyo katika karne ya 17 waliamua kuifunga kabisa. Waliruhusu mikarafuu iote Ambon na visiwa jirani tu, na kwingineko wakatuma misafara ya mitumbwi kwenda kuikata. Wenyeji wa Ternate na Tidore walilazimishwa kutazama miti ya babu zao ikiangushwa. Mkarafuu mmoja ulionusurika Ternate, unaoitwa Afo, ulipata umaarufu kwa sababu hiyo hasa, kwamba ulikuwa mkongwe kuliko amri iliyotaka kuuondoa.

Ukiritimba huo ulivunjwa na Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa kisiwa cha Mauritius. Mwaka 1770 watu wake walifanikiwa kutorosha miche na mbegu kutoka Maluku. Michache ndiyo iliyopona, na kutokana na hiyo michache mikarafuu ikaenea Mauritius na Réunion, kisha Zanzibar na Madagaska. Hili ni jambo la kulikumbuka tutakapofika kwenye maradhi: mamilioni ya mikarafuu yetu ni kizazi cha miti inayoweza kuhesabika kwa urahisi, na mashamba yenye nasaba nyembamba namna hiyo hushambuliwa kwa pamoja.

Anayetajwa kuileta Zanzibar ni Saleh bin Haramil al-Abray, Mwarabu wa Oman aliyefanya biashara na Wafaransa wa visiwa hivyo, katika miaka ya 1810. Miti ya mwanzo ilipandwa Unguja, Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan, alipoona inavyostawi, alimnyang'anya Saleh mashamba yake na kuwahimiza matajiri wote wapande. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mnazi mmoja uambatane na mikarafuu mitatu, na asiyetii akose shamba. Sultani alipoyahamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, harufu ya karafuu ilikuwa imeshaanza kutawala ardhi yote nzuri ya magharibi ya kisiwa hicho, na Wahadimu waliokuwa wakiilima walikuwa wakisogezwa kuelekea kwenye mawe ya mashariki.

Pemba ilikuwa na maisha mengine. Waarabu wa kale waliiita Jaziratul-Khadhraa, kisiwa cha kijani, na walikuwa na sababu. Upande wake wa magharibi na katikati ni vilima vidogo vidogo vilivyokatwakatwa na mabonde, vyenye udongo mwekundu wenye kina, na mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja. Mabondeni uliota mpunga, na mchele wa Pemba uliilisha Mombasa tangu kabla ya Wareno na wakati wa Wareno. Mazrui wa Mombasa walikitawala kisiwa hiki hadi mwanzoni mwa miaka ya 1820, jeshi la Sayyid Said lilipowaondoa. Mikarafuu ikafuata. Ilipandwa juu ya vilima, na mpunga ukaachiwa mabonde. Umbile hilo la ardhi lilifanya kazi ambayo hakuna sultani aliyeipanga. Palikuwa hapana uwanda mpana wa kumegwa mashamba makubwa mfululizo, kwa hiyo Mwarabu na Mpemba walipanda wakiwa jirani, kilima kwa kilima. Palikuwepo pia mapatano ya nusu kwa nusu: Mpemba husafisha pori, hupanda na kulea miche mpaka ikakamata, kisha shamba hugawanywa baina yake na aliyetoa miche au ardhi. Wapemba wengi wakawa na mikarafuu yao wenyewe, kumi, ishirini, hamsini, jambo ambalo Unguja lilikuwa adimu kwa wenyeji. Aidha mila ya visiwani ilikubali mti uwe na mwenyewe na ardhi iwe na mwenyewe mwingine. Mtu aliweza kuuza mikarafuu asiuze shamba, na kurithisha miti mitatu kwa binti na sita kwa mwana.

Naomba msomaji anisubiri hapa kidogo, kwa sababu ili kuelewa yaliyofuata ni lazima kujua kulea mkarafuu kunataka nini.

Mbegu yake haina subira. Tunda huachwa mtini liive mpaka liwe na rangi ya zambarau iliyoiva, na likianguka au kuchumwa, mbegu ina siku chache tu za uhai. Ukiianika kama mahindi imekufa. Hulowekwa ili nyama itoke, kisha hupandwa mara moja katika kitalu chenye kivuli cha makuti, kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na mbolea iliyooza. Humwagiliwa kila siku, na huchipua baada ya wiki kadhaa kwa mwendo wa taratibu unaomchosha mwenye haraka. Mche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima. Makuti hupunguzwa kidogo kidogo ili mche uzoee jua, na anayeyaondoa yote kwa siku moja huamka na kukuta majani yameungua. Huhamishwa mwanzoni mwa mvua, katika shimo lililochimbwa mapema, na mizizi yake isipasuliwe, kwa kuwa mkarafuu hausamehe mzizi mkuu uliovunjika. Kati ya mti na mti huachwa hatua saba au nane. Kwa miaka ya mwanzo hupandwa migomba au mihogo pembezoni ili kuupa kivuli. Mche uliopandwa mahali pa wazi bila kivuli mara nyingi haufikishi kiangazi cha pili.

Baada ya hapo ni kupalilia. Kila mwaka, kabla ya msimu, shamba lifyekwe, na majani yaliyofyekwa yatandikwe chini ya miti, yasichomwe moto. Jembe lisikaribie shina kwa sababu mizizi ya kulisha iko juu juu. Mchwa wachunguzwe. Miaka sita, saba au minane itapita kabla ya kupata kibakuli cha kwanza cha karafuu, na mti hautafikia kilele chake mpaka miaka ishirini. Ukishafika hapo, ukitunzwa, huweza kuzaa kwa zaidi ya miaka mia. Huzaa kwa mapigo. Mwaka mmoja huinamisha matawi, na miaka miwili mitatu inayofuata hupumzika. Anayepanda mkarafuu akiwa na umri wa miaka arobaini anampandia mjukuu, naye analijua hilo siku anapochimba shimo.

Sasa turudi kwenye historia. Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, jambo lisilo la kawaida katika latitudo zetu, na kikaangusha karibu thuluthi mbili ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda mara moja, na kwa kuwa mti mpya unataka miaka saba na zaidi, Unguja haikuweza kujibu upesi. Wenye mitaji wakavuka bahari kuja kupanda na kununua mashamba Pemba, na miti ya Pemba ikawa ndiyo inayobeba biashara nzima. Tangu wakati huo hadi leo Pemba haijawahi kushuka kutoka nafasi hiyo. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, mara nyingi robo tatu au zaidi, hutoka kisiwa hiki.

Lakini mwaka uliofuata kimbunga, Juni 1873, Sultan Barghash alitia saini chini ya shinikizo la Waingereza mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Upanuzi mkubwa wa mikarafuu Pemba ulifanyika, basi, katika miaka ile ile ambayo mikono ya kuipanda ilikuwa imeharamishwa kuletwa. Majahazi yaliendelea kupenya usiku kutoka Mrima, pwani ya bara. Watu wa nchi za Wayao na za Ziwa Nyasa waliendelea kumwagwa katika ghuba za Pemba. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulipekua jahazi lililobeba watumwa. Vitabu vingi humkumbuka yeye. Mimi ningependa wakumbukwe pia waliokuwa ndani ya jahazi lile na ya mamia mengine, kwa kuwa wao na watoto wao ndio walimu wa kwanza wa kilimo hiki. Wao ndio waliochimba mashimo, wakabeba maji vitaluni, wakapalilia na kupanda juu ya miti kuchuma. Desturi ya mashamba ilimpa mtumwa siku mbili za juma, Alhamisi na Ijumaa, kwa ajili ya konde lake, na siku tano zilikuwa za bwana. Msimu ukifika hata hizo mbili ziliweza kuliwa na kazi ya kuchuma, kwa sababu karafuu haingoji. Tumba likishaanza kuwa jekundu lina siku chache kabla ya kuchanua, na karafuu iliyochanua imepoteza thamani yake.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar Aprili 1897, ingawa kila mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake na wengi hawakuipata njia hiyo kwa urahisi. Mwaka huo huo Wakristo wa madhehebu ya Wakweka (Quakers) kutoka Uingereza walikuja Pemba wakaanzisha misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, kwenye shamba la karafuu, ili kuonesha kwamba mti huu unaweza kutunzwa na watu huru wanaolipwa ujira. Walikuwa sahihi, na Wapemba wenye miti yao michache walikuwa wameshalithibitisha kabla yao. Aliyeshindwa alikuwa tajiri wa shamba kubwa. Kuchuma alipata watu, kwa kuwa kuchuma hulipwa papo kwa papo kwa kila pishi, na vibarua walikuja kutoka Unguja, Mrima na bara. Kupalilia hakukupata mtu. Ni kazi ya miezi, malipo yake madogo, na faida yake huonekana msimu ujao kwa mtu mwingine. Mashamba makubwa yakaanza kuingiwa na magugu katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na tangu hapo palilio limekuwa jeraha lisilofunga.

Deni likazidisha. Wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wakaweka rehani karafuu ambazo bado zilikuwa tumba, na wengine rehani shamba lenyewe. Mtu ambaye mti wake umeshaahidiwa mdai haoni sababu ya kuunyunyizia mbolea. Serikali ya Kiingereza iliunda Chama cha Wakulima wa Karafuu mwaka 1927, kikawa kinatoa mikopo ya kupalilia na kuchuma na kuhifadhi karafuu kungoja bei. Katika miaka ya 1930 chama hicho kilipewa mamlaka makubwa juu ya biashara, wakati sheria za mwaka 1934 zikizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia mikononi mwa wadai. Wahindi walijibu kwa kugoma, na India ikagomea karafuu za Zanzibar mwaka 1937 hadi mapatano yalipofikiwa mwaka 1938. Ni sura ndefu iliyoandikwa sana na wengine, nami siingii ndani yake zaidi ya kusema kwamba mikopo ya palilio ndiyo iliyokuwa hatua yenye akili kuliko zote katika mgogoro ule, kwani ililipia matunzo badala ya mavuno.

Halafu yakaja maradhi kwa nguvu mpya. Mashamba ya Unguja yalikuwa yakijua tangu karne ya 19 ugonjwa ambao wataalamu waliuita kifo cha ghafla: mkarafuu mkubwa, uliosimama vizuri jana, majani yake hunyong'onyea na kugeuka manjano, kisha hukauka yakiwa bado mtini, na baada ya wiki chache kilichobaki ni kuni. Mti mchanga mara nyingi huachwa, na mzee mwenye mazao ndiye hupigwa. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ilileta watafiti. Mtaalamu mmoja, Tidbury, alichapisha mwaka 1949 kitabu kizima juu ya mkarafuu, ambacho kinabaki kuwa na manufaa. Mtafiti Nutman na wenzake, katika miaka ya mwanzo ya 1950, waliufuata ugonjwa mpaka mizizini na kuutaja ukungu uitwao Valsa eugeniae. Walichunguza vilevile ugonjwa wa pili, wa kukauka matawi kuanzia nchani, unaoletwa na ukungu unaoingia kupitia vidonda.

Hapo ndipo sayansi na uchumaji vinapokutana, na ningetaka kila mwenye shamba alizingatie. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika. Mchumaji huupanda mti uliofikia mita kumi au zaidi, huyavuta matawi kwa upembo na kamba, na sisimizi wa majimoto humwuma mikononi wakati huo huo. Akiharakisha, tawi huvunjika. Mwaka wa mavuno mema, wachumaji wanapokuwa wachache na mvua inatishia, matawi huvunjwa kwa makusudi ili yachumiwe chini na wanawake na watoto. Pishi hupatikana nyingi siku hiyo. Kila pingili iliyopasuka inabaki mlango wazi kwa ukungu, na mti huanza kufa kwa juu kurudi chini katika miaka inayofuata bila mtu kukumbuka sababu. Tawi lililovunjika linatakiwa likatwe sawasawa chini ya palipopasuka, kwenye sehemu nzima, na kidonda kipakwe dawa au rangi. Ni kazi ya dakika chache. Huifanya mwenye mti, wala si kibarua anayelipwa kwa pishi na kesho yuko shamba jingine.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliutoa mti mikononi mwa tabaka lililokuwa nao. Ardhi ikatangazwa mali ya serikali, mashamba makubwa yakataifishwa, na familia zisizo na ardhi zikagawiwa eka tatu tatu. Haki iliyotendeka hapo ilikuwa kubwa na ilistahili, hasa kwa wajukuu wa waliopanda bila kulipwa. Pemba, ambako wenyeji wengi walikuwa tayari na mikarafuu yao, mabadiliko yaliyogusa zaidi maisha yalikuwa ya soko. Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, likawa mnunuzi pekee. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilipaa kwa sababu ya Indonesia, nchi ya asili ya mkarafuu, ambayo watu wake huvuta sigara za kretek zilizochanganywa na karafuu na ambayo wakati huo haikuweza kujitosheleza. Hazina ya Zanzibar ilijaa. Mkulima wa Pemba alilipwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na Mombasa iko upande wa pili wa maji. Magendo yakashamiri, adhabu zikawa kali, na vyombo vya baharini vikawa vinalindwa kama ngome. Kizazi kizima cha Wapemba kilikua kikiuogopa mti wa baba yao, na hofu hiyo ilihamia shambani: kupalilia kukapungua, mapengo hayakujazwa, na miti ya tangu enzi ya Barghash ikaendelea kuzeeka.

Indonesia ilipanda mikarafuu kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imejitosheleza. Bei ikaporomoka. Zanzibar, ambayo katika mwaka mwema wa katikati ya karne ilitoa zaidi ya tani 10,000, ilishuka hadi elfu chache tu, huku Indonesia ikifikia zaidi ya tani laki moja. Katika Pemba ya miaka ile mikarafuu ilikatwa kwa ajili ya kuni na mkaa. Vijana waliondoka kwenda Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Uarabuni.

Mwaka 2011, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Pemba, serikali iliamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Bei ya kilo ya daraja la kwanza ikapanda mara kadhaa na kutulia kwa muda kwenye shilingi 14,000. Miche ikaoteshwa katika vitalu vya serikali na kugawiwa bure. Magendo yakapoteza sababu yake kwa njia ambayo doria za miaka arobaini hazikuweza. Nyumba za matofali ziliinuka vijijini kutokana na misimu ile, na majamvi ya kuanikia yakarudi mbele ya nyumba, karafuu zikigeuzwa juani kwa siku nne au tano mpaka ziwe kahawia na kuvunjika kwa mlio, uzito wake umeshuka hadi thuluthi moja ya ule wa mbichi. Makonyo, yaani vijiti vya karafuu, nayo hayatupwi. Hupelekwa Wawi, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta, ambacho ukipita karibu yake wakati kinafanya kazi utakijua kabla ya kukiona.

Bei nzuri, hata hivyo, ni ya mavuno. Miche ni jambo jingine. Mche wa bure uliopandwa kiangazi kwa haraka ya kufikisha idadi, bila migomba ya kuukinga na bila mtu wa kuumwagilia, hauna tofauti na kuni changa. Tunahesabu miche iliyogawiwa, na ningependa tuhesabu iliyofikisha mwaka wa tatu, shehia kwa shehia, kwa sababu hapo ndipo penye ukweli wa zao hili. Ningependa vilevile mbegu za vitalu zichumwe kwenye miti iliyobaki hai katikati ya mashamba yaliyopigwa na kifo cha ghafla, badala ya kuokotwa popote palipo karibu na barabara. Nasaba yetu ni nyembamba tangu Poivre, na miti hiyo michache ndiyo maktaba tuliyonayo.

Lipo pia suala la mashamba ya serikali yaliyotokana na utaifishaji. Mikarafuu yake hukodishwa kwa msimu. Mkodi hulipia mavuno ya mwaka mmoja, huchuma, na huondoka. Hana sababu ya kukata tawi lililopasuka wala ya kujaza pengo, na si haki kumlaumu: mkataba haukumwomba hilo. Mkodi huyo akipewa miaka kumi na mitano, kwa sharti la palilio la kila mwaka na idadi maalumu ya miche hai, atakuwa na mti mpaka uanze kumlipa. Waliokuwa wakipatana nusu kwa nusu juu ya vilima vya Pemba katika karne ya 19 walilijua hilo, na hawakuhitaji ofisi kuwaambia.

Kwa miti ya watu binafsi ugumu uko kwenye mirathi. Mikarafuu thelathini ya babu ikigawanywa kwa sheria kati ya warithi kumi na wanane, mmoja akiwa Maskati, wawili London, wengine Unguja, kila mmoja ana mti mmoja na sehemu ya mwingine, na hakuna mwenye sababu ya kutosha ya kushika panga la kufyekea. Warithi wanaweza kugawana karafuu na wasigawane miti. Mmoja aliyebaki kijijini anaweza kuachiwa shamba lote alitunze, akachukua sehemu yake ya usimamizi kwanza, kisha kilichobaki kikagawiwa kwa mafungu ya sheria baada ya kila msimu. Makubaliano hayo yakiandikwa mbele ya sheha na mashahidi, pamoja na idadi ya miti na miche mipya itakayotiwa kila mwaka, msimamizi ataweza kufunga mkoba wake asubuhi kwenda kitaluni akijua jasho lake lina hati.